Oili Niliimwaga Juzi

Mpwa wangu aliingia uani jioni akiisukuma pikipiki. Ilimfia akitokea Sengerema, akaomba msaada wa kirikuu iliyokuwa imebeba mkaa, na kutoka njia panda akamalizia kwa miguu. Nilikuwa barazani nasikiliza taarifa ya habari. Niliposikia matairi yanasaga kokoto bila mlio wa injini, nilizima redio.

"Shikamoo, mjomba. Imenoki."

"Marahaba. Pole."

"Lakini oili niliimwaga juzi tu."

Nilichukua tochi, nikaisimamisha pikipiki wima, nikafungua kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa kikavu. Nikakifuta, nikakirudisha, nikakitoa tena. Ncha yake tu ilikuwa na doa jeusi, kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kuzimwa. Injini ile hubeba chini kidogo ya lita moja ya oili. Iliyobaki sidhani kama ingejaza vikombe viwili vya kahawa.

Hakunidanganya. Alimwaga oili kweli, siku tisa nyuma, akaweka mpya ya kopo lililofungwa. Katika siku hizo tisa hakukigusa kijiti hata mara moja, maana kwake, kama kwa vijana wengi wa vijiweni, oili ni jambo la tarehe: unamwaga, unahesabu siku, unamwaga tena. Katikati hapo unamwachia Mungu.

Nimeishi na pikipiki kuukuu tangu mwaka 1997. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu kila kosa nililotaka kumgombeza kijana yule nilikumbuka siku niliyolifanya mimi.

Nianze na daraja, maana ndilo lililotufikisha hapa. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo–Busisi, kilometa tatu juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza. Nililifurahia kama kila mtu wa upande huu. Aliyewahi kukesha Busisi na mgonjwa akisubiri kivuko hana haja ya kuelezwa. Sisi wa Kamanga bado tunacho kivuko chetu, kinachovuka karibu nusu saa na kukushusha katikati ya jiji. Mpwa wangu alikiacha. Akitoka jijini akawa anazunguka na Usagara, anapita darajani kwa dakika chache, halafu lami mpaka Sengerema, siku nyingine mpaka Geita, mafuta yamevutwa mpaka mwisho.

Katika foleni ya kivuko ulikuwa unazima injini. Unakaa. Unanunua karanga, unazimaliza, kivuko bado kiko katikati ya maji. Kwa kukosa la kufanya unainama, unafungua kijiti, unatazama. Hakuna aliyetufundisha kupima oili kwenye foleni. Mikono tu ilikuwa haina kazi. Isitoshe, barabara ya vumbi ya Kamanga hadi Sengerema, kama kilometa 35, ilikuwa haikuruhusu kukimbia. Injini yenye ringi zilizochoka hula oili kidogo ukienda taratibu, na huila sana ukiilazimisha mbio saa nzima bila kupumzika. Kwa hiyo daraja lilimwondolea kijana wangu foleni, likampa mwendo. Yote mawili ni mazuri. Injini yake ndiyo haikuwa imejiandaa.

Mwaka ule 1997 nilikuwa bwana shamba wa pamba. Biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa kwa wanunuzi binafsi tangu 1994, malori ya wanunuzi yanapishana vijijini, na mimi niliyetakiwa kuwafikia wakulima kabla ya wadudu kuwafikia nilikuwa na baiskeli. Nikaenda kwenye mnada wa mali chakavu za serikali, nikarudi na Honda CG125. Haikuwa na makava ya pembeni, wala kioo hata kimoja. Waya wa spidi ulikuwa umekatika, mshale umelala, na namba za kilometa zimeganda zilipogandia.

Sikujua wakati ule historia ya kile nilichonunua. CG125 ilitoka mwaka 1976, baada ya wahandisi wa Honda kwenda kutazama jinsi watu wa nchi zinazoendelea wanavyotumia pikipiki zao. Waliyoyaona yanafahamika kijiweni chochote: oili haibadilishwi, kisafisha hewa kimejaa vumbi, mzigo umepita kiasi. Wakatengeneza injini ya kuvumilia. Badala ya mnyororo mwembamba wa kuzungusha kamshafti juu ya silinda, wakarudisha mtindo wa zamani wa pushirodi. Kwa maneno mengine, ilitengenezwa kwa ajili yetu baada ya kuchunguzwa tunavyozembea. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa barabarani baadaye zina injini iliyonakiliwa kutoka kwenye hiyo, na ya mpwa wangu ni mjukuu wake.

Hata hivyo uvumilivu una mahali unapoishia. Injini ile haina taa ya oili. Gari likipungukiwa presha ya oili huwasha taa nyekundu mbele ya dereva. Honda yangu haisemi kitu, na siku ikisema, inasema kwa kugonga. Haina pia filta ya karatasi ya kubadilisha. Ina wavu mdogo wa chuma, na kikombe kinachozunguka pamoja na krenki, kinarusha uchafu mzito pembeni mpaka ugande humo. Kazi nyingine yote ni ya oili yenyewe: kulainisha, kupoza, kubeba masizi, na kulowesha klachi na gia zinazoogelea humo humo. Lita 0.9 tu ukimwaga na kujaza. Gari lenye lita nne likipoteza nusu lita halijapoteza hata robo. Pikipiki ikipoteza nusu lita imepoteza zaidi ya nusu ya damu yake.

Nilianza kwa kukosea. Kila asubuhi niliiegemeza pikipiki kwenye stendi ya pembeni, kama ilivyolala usiku, nikachomoa kijiti. Kila asubuhi oili ilionekana pungufu, nami nikaongeza. Wiki ya pili mpira wa kupumulia ukaanza kutapika oili kwenye mguu wa suruali yangu, nikahitimisha kwamba serikali imeniuzia maiti.

Aliyenisaidia hakuwa hata fundi wa pikipiki. Nilivuka kwenda Mwanza, ambayo ilikuwa bado haijawa jiji, nikaenda Makoroboi kununua faneli. Pale mafundi bati walikuwa wanakata makopo ya oili na kuyageuza koroboi, na kutoka kwenye koroboi zile eneo likapata jina lake. Mzee mmoja aliniuliza faneli ya nini. Nilipomweleza akatazama suruali yangu, akacheka.

"Ng'wanawane, unaipima ikiwa imelala?"

Tukaenda nilipoiegesha. Akaniambia niiwashe dakika chache, niizime, nisubiri oili iteremke. Akanishikisha usukani nikaisimamisha wima. Kijiti kiko upande wa kulia, na stendi ya pembeni huilaza pikipiki kushoto. Oili yote inakimbilia kushoto na kijiti kinasoma njaa isiyokuwepo. Akakichomoa, akakifuta kwenye kaptula yake, akakirudisha. Nikanyoosha mkono nikikaze.

"Usikifunge. Kiache kikae juu ya uzi wake. Ukikifunga kinazama, kinakudanganya kuwa ipo."

Kumbe kuna kudanganywa kwa aina mbili: kwa kulaza, kuambiwa haipo wakati ipo, na kwa kufunga, kuambiwa ipo wakati haipo. Nilikuwa nimesomea kilimo miaka miwili, nikipima mbegu na sumu kwa vipimo vya kiwandani, na sikuwahi kufikiri kwamba kijiti chenye alama mbili kinahitaji mtu kufundishwa. Alama ya juu, alama ya chini. Kazi ni kukaa kati ya hizo mbili, karibu na ya juu. Faneli nilimlipia, somo alikataa kulipwa.

Somo lile nilirudi nalo nusu. Nililishika la kutokufunga wakati wa kupima, nikasahau la kufunga baada ya kupima. Mvua za El Niño zikaja, zile za mwisho wa 1997 zilizoendelea hadi mwanzo wa 1998, na vijito ambavyo mwaka mzima tunaviruka kwa mguu mmoja vikawa mito. Nilivuka kimoja maji yakiwa yamepita injini. Nikatoka ng'ambo, pikipiki inanguruma, nikajipongeza. Kesho yake nikachomoa kijiti, na badala ya weusi nikaona rangi ya chai ya maziwa, na ina povu.

Ule ulikuwa mchanganyiko wa oili na maji. Kijiti kilikuwa kimeshikwa na nyuzi mbili tu za mwanzo, na ringi yake ya mpira ilishakatika. Nilimwaga, nikajaza oili ya bei rahisi, nikaiwasha dakika kadhaa bila kuipeleka popote, nikamwaga tena, ikatoka bado ina ukungu; nikarudia. Mara tatu. Mshahara wa bwana shamba wa wakati ule unaweza kuukadiria. Lakini tangu hapo nilijifunza kuisoma rangi, na nilijifunza pia kwamba weusi, ambao vijana wanauogopa kuliko vyote, ndio wenye hatari ndogo. Oili nyeusi mara nyingi ni oili iliyofanya kazi: imebeba masizi ambayo vinginevyo yangeganda kwenye pistoni. Nyeupe ni maji. Inayometameta ukiisugua kati ya vidole juani ni chuma, na hapo nenda kwa fundi leo. Ninachokiogopa zaidi hakina rangi kabisa, nacho ni kijiti kikavu.

Kuna kisa kimoja nilichodhani ni muujiza. Asubuhi moja nilipima nikakuta oili imepanda juu ya alama. Sikuwa nimeongeza. Siku ya tatu ikapanda tena. Mke wangu akasema labda ni baraka, kwa mzaha. Mimi nilikuwa nimeanza kuamini. Nikaenda na pikipiki ile Sengerema, ikafika imepoteza nguvu, injini inatoa sauti ya wepesi wepesi kama bati. Fundi aliyenipokea hakupima chochote. Alinusa kijiti, akanipa ninuse na mimi. Petroli. Sindano ya floti kwenye kabureta ilikuwa imelika, nami nilikuwa nalala bila kufunga koki ya tangi; usiku kucha petroli ilidondoka kupitia kabureta ikaingia kwenye silinda, ikapita kwenye ringi, ikashuka kwenye oili. Kilichoongezeka kilikuwa kinaiua ile iliyokuwepo, maana oili iliyoingiliwa na petroli inakuwa nyepesi kama maji ya mchele. Tangu siku ile nikipima nanusa, na kila jioni koki inafungwa. Wageni wananishangaa ninavyoinusa pikipiki.

La klachi nitalipita haraka. Rafiki aliyekuwa dereva wa bosi mmoja alinipa oili ya gari dogo, ya bei mbaya kweli, iliyobaki. Nikaona nimeokota dhahabu. Kwenye kilima cha kwanza injini ikapiga kelele na pikipiki ikabaki pale pale: klachi inateleza. Baadhi ya oili za magari huwekwa dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inaishi kwa msuguano. Wajapani walishaweka kipimo chake tangu 1998, kile cha JASO, na kopo la oili ya pikipiki inayofaa klachi ya aina hii huandikwa herufi MA. Ndugu akikupa oili ya bure, mshukuru, kisha soma kopo.

Mwaka 2011 ndipo nilipojifunza jambo ambalo halikuhusu chuma. Bodaboda zilikuwa zimepata kanuni zake mwaka mmoja kabla, zikaruhusiwa rasmi kubeba abiria, na pale kivukoni Kamanga kijiwe kilikua kutoka pikipiki nne hadi nikashindwa kuzihesabu. Idara ilikuwa imenipa pikipiki nyingine. Honda nikamkabidhi kijana mmoja wa kijijini, mtulivu, mwenye leseni. Hesabu shilingi 5,000 kwa siku, Jumapili yake. Masharti nikayaiga kwa wengine: petroli, oili na pancha ni juu ya dereva, injini na matairi ni juu ya tajiri. Nikaona ni haki. Kila mtu alikuwa anafanya hivyo.

Mwezi wa tano akaniletea pikipiki inagonga. Ko, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa ndani anaomba kutoka. Nilichukua kijiti nikiwa nimejaa hasira tayari, na nilichokiona kilinipa ruhusa ya kumpigia kelele mbele ya watu. Alinyamaza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, kwa adabu, "Mzee, hesabu yako sijawahi kuikosa."

Nililala nalo neno lile. Lita moja ya oili ilikuwa inakula zaidi ya hesabu ya siku nzima. Oili ilikuwa yake, injini ilikuwa yangu. Kila shilingi aliyoibana kwenye oili ilikuwa faida yake wiki hii na hasara yangu mwezi ujao, na yeye aliishi kwa wiki. Wala si kwamba alikuwa mwovu. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nainusa ile pikipiki kila asubuhi kwa miaka kumi na nne, miezi mitano hiyo sikuinama hata mara moja kuitazama. Ya nini? Oili si yangu. Tuliandikiana mkataba ambao ndani yake oili haikuwa na mwenyewe, halafu tukashangaa imepotea.

Silinda ikachongwa, pistoni ikawekwa ya ovasaizi, koni rodi mpya. Fedha zile zilikuwa za ada. Nilipomrudishia kijana pikipiki nilibadili sharti moja: oili nitanunua mimi, na yeye kila Jumatatu kabla ya kivuko cha kwanza ataniletea kijiti nikione. Wenzangu wenye pikipiki walinicheka. Wiki ya pili alikuja na habari nisiyoijua: ikienda Sengerema mara mbili kwa siku, kwa siku nne inashuka kutoka alama ya juu hadi katikati, ikibeba mizigo ya dagaa, siku tatu. Hakuwa na mita ya kilometa, ile iliyokufa kabla sijainunua, kwa hiyo alikuwa anahesabu safari kwa kuchora mistari ya mkaa nyuma ya mlango wake. Kwenda na kurudi kilometa 70. Mistari ishirini ni kilometa 1,400, anamwaga. Katikati anapima na kuongeza. Chini ya siti alikuwa na chupa ndogo ya soda yenye kile kinachobaki kwenye kopo la lita baada ya kujaza lita 0.9. Watu wengi hukimimina chote "kisiharibike", wakazidisha. Yeye alikitunza kiwe cha kuongezea. Chupa ile ndiyo iliyoiendesha Honda yangu miaka mitatu zaidi bila kufunguliwa injini, nami bwana shamba mzima nilikuwa sijaifikiria.

Baadaye alinunua yake. Sasa ana pikipiki mbili alizowapa vijana wengine, naye anaitwa tajiri. Tulikutana kivukoni mwaka juzi, nikamuuliza kwa utani: oili ni ya nani? Akacheka mpaka akashika mbavu. "Ya kwao, mzee. Ukiwapa wanaiuza." Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Huenda ana haki: mimi nilikuwa na pikipiki moja na dereva mmoja niliyemjua kwao.

Lipo jingine ambalo ningependa kulisahau. Nilikuwa nikimwaga oili chini ya mti karibu na ziwa, kwa sababu pana kivuli na maji ya kunawia. Spana namba 17, nati ya chini inafunguka, oili ya moto inashuka mchangani, natazama inavyonywewa, nafunga nati bila kuikaza kupita kiasi (nyumba ya injini ni ya aluminiamu, kijana mwenye nguvu akiikaza kwa bomba, uzi wote unakufa). Siku moja mama mmoja alikuja na ndoo yake, akasimama. Mvua ya usiku ilikuwa imepita pale, na kutoka kwenye mti wangu hadi kwenye maji palikuwa na utando wenye rangi za upinde.

"Bwana shamba," akasema, "si wewe uliyetukataza kuoshea bomba za dawa ziwani?"

Nilikuwa mimi. Nilikuwa nimelisema kwenye mkutano wa kijiji, nimesimama juu ya benchi. Yeye akasogea hatua thelathini hivi upande wa juu, akachota, akajitwisha, akaondoka bila neno jingine. Kuanzia hapo namwagia kwenye dumu la lita tano lililokatwa ubavu. Oili chafu haikosi mtu: majirani huja na makopo kuipaka nguzo na mbao dhidi ya mchwa. Najua nguzo nayo iko ardhini, na ardhi ya Kamanga yote inateremkia ziwani. Siwezi kusema nimelimaliza jambo hili. Nimelisogeza tu hatua thelathini, kama yule mama.

Kesho yake asubuhi fundi aliifungua injini ya mpwa wangu kwenye kibanda chake. Pistoni ilikuwa imechubuka pande zote mbili, ringi moja imeganda kwenye mfereji wake, na beringi ya koni rodi imegeuka rangi ya bluu kwa moto. Nilimweleza kijana kilichotokea: oili ikiisha, pampu inavuta hewa, na vyuma vinavyozunguka maelfu ya mara kwa dakika vinagusana vikavu. Aliitikia kila neno. Nikaona hasikii, anafanya hesabu. Pikipiki ni ya mkataba. Amebakiza miezi mitatu ya rejesho ili iwe yake, na kila siku inayolala kibandani deni haliendi likizo. Alikuwa amempigia tajiri wake simu usiku. Tajiri alisema neno moja tu, nami nililijua kabla hajalitaja.

"Alisema oili ni yako," nikamwambia.

"Ndiyo, mjomba. Na injini pia, akasema, kwa sababu ya mkataba."

Basi huyu wangu kila kitu kilikuwa chake, oili na injini, na bado hakutazama. Nadharia yangu ya mwaka 2011 ikapata nyufa pale pale kibandani. Nilimuuliza kwa nini. Alifikiri, akajibu kwa ukweli ulionipendeza: anaondoka saa kumi na moja alfajiri gizani, anarudi usiku, mchana abiria akikuona umeinama kwenye injini anapanda ya jirani. Akisema imeharibika, kijiwe kizima kinasikia.

Tukaifunga silinda kwenye gazeti, tukapanda Honda kwenda kuichongesha Mwanza. Ina miaka karibu thelathini mikononi mwangu na bado inawaka kwa teke la pili. Kivukoni tulikuta foleni ya kawaida, kivuko kikiwa kidogo kule ng'ambo, mbele ya majengo ya jiji. Nilishuka kununua karanga. Nilipogeuka nilimwona ameiondoa Honda kwenye stendi ya pembeni, ameibana wima kwa mapaja, anafuta kijiti kwenye shati lake, lile jeupe aliloazima kwangu. Akakizamisha bila kukifunga. Kivuko kilikuwa kimewahi kuliko tulivyodhani. Wa nyuma wakaanza kupiga honi, na foleni ikasogea kabla hajakitoa.